Mbele ya kulipa, tuangalie namba

Wazazi, bandugu, na nyinyi munaotuchangia,

Sisi tuliosoma uchumi Marekani, vitabu vyetu vilifanana. Namba kwenye karatasi ya I-20 njo ilitutenganisha. Uchumi wa kawaida, 45.0601, unakupa miezi 12 ya kazi kisha masomo. Uchumi wa hesabu, 45.0603, unahesabiwa pamoja na sayansi: unaweza kuomba miezi 24 zaidi. Wamoja wetu tulirudi Kolwezi na deni, wengine na akiba na ufundi.

Na ule ufundi unatakiwa hapa. Sheria ya madini ya 2018 inadai kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Nani kwetu anapiga ile hesabu?

Mutoto akiitwa na chuo, mulete karatasi kwanza. Tutaisoma pamoja.