Ajali ya Maabara Isifichwe
Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za sekondari



Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akiangusha kipimajoto katika somo la kemia, mara nyingi kinachomjia akilini kwanza si zebaki iliyomwagika. Ni pesa. Shule nyingi huandika kifaa kilichovunjika kwenye daftari, na mzazi akalipa. Basi mtoto huinama, huokota vipande vya glasi kwa vidole, husukuma matone ya zebaki chini ya meza kwa kiatu, na somo likaendelea.

Zebaki hutoa mvuke hata katika joto la kawaida la chumba. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na kila darasa litakaloingia baadaye huuvuta. Mtoto akisema papo hapo, mwalimu atawatoa wanafunzi nje, atafungua madirisha, kisha atayakusanya matone kwa karatasi ngumu na kuyatia katika chupa yenye kifuniko. Zebaki haifagiliwi, kwa sababu ufagio huitawanya, wala haimwagwi kwenye sinki. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka wa 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuagiza vipimajoto vya kawaida vya aina hiyo, lakini vya zamani bado vinaweza kuwa kabatini.

Asidi nayo haisubiri. Asidi kali ya salfuriki hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo huku ikikorogwa. Maji hayamwagwi juu ya asidi, kwani joto linalotokea huweza kuyachemsha ghafla na kuirusha asidi usoni. Ikiingia jichoni, jicho huoshwa mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtoto hupelekwa hospitalini. Anayeogopa kusema hungoja kengele ya mapumziko, na jicho haliwezi kungoja kengele.

Katika jaribio la kutafuta wanga kwenye jani, ethanoli haipashwi moto juu ya mwali. Maji huchemshwa kwanza, moto huzimwa, ndipo neli yenye ethanoli ikatumbukizwa katika maji hayo ya moto. Pipeti nayo hutumiwa kwa kipira cha kufyonzea, si kwa mdomo. Harufu ya gesi ikisikika, valvu ya mtungi hufungwa, madirisha hufunguliwa, na hakuna anayegusa swichi ya taa.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za zimamoto na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Hao ndio huitwa mambo yakishaharibika. Kazi yao huwa nyepesi wakiambiwa mapema, na kwa ukweli, ni kemikali gani iliyomwagika na ni saa ngapi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona kazini, na inamkataza mwajiri kumwadhibu kwa kulalamikia usalama wake. Fundi wa maabara ana kinga hiyo. Mwanafunzi aliyesimama meza moja naye anastahili kutendewa vivyo hivyo.

Kwa hiyo shule zinaombwa zitenganishe mambo mawili: kuripoti ajali na kulipia kifaa. Mtoto aliyesema ukweli asipewe ankara siku hiyo hiyo mbele ya wenzake. Aliyeharibu kwa mchezo ataadhibiwa kwa mchezo wake, si kwa kusema.

Wazazi nao, katika mkutano ujao wa shule, waulize mambo manne. Je, maabara ina milango miwili inayofunguka wakati wa somo? Je, kuna maji ya bomba au ya tangi karibu na meza? Je, kizimamoto kilikaguliwa lini? Je, mtoto akivunja kitu humwambia nani?

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kipimajoto kingine kitanunuliwa. Jicho la mtoto halinunuliki.