Anayedai ni Nani? Lugha ya Habari za Uhalifu Kabla ya Hukumu

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, na umma ukaambiwa ni majambazi waliokufa wakirushiana risasi na askari. Tume ya Jaji Kipenka Mussa, iliyoundwa na Rais, ilibaini kwamba hawakuwa majambazi. Askari walishtakiwa, Mahakama Kuu ikawaachia huru mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja na kuwaachia wenzake waliokatiwa rufaa. Katika shauri hilo moja, kuandika "majambazi" kulikuwa kuwahukumu marehemu, na kuandika "askari wauaji" kwa mkupuo kulikuwa kuwahukumu watu ambao mahakama haikuwatia hatiani.

Kinga ya kawaida ya sisi waandishi wa habari ni "inadaiwa", nami naiona dhaifu, kwa sababu haisemi anayedai ni nani. Andika "inadaiwa alikuwa jambazi sugu", msomaji ataondoka na jambazi sugu. Andika "Kamanda wa Polisi wa Mkoa amesema walikuwa majambazi, ndugu zao wanakanusha", na dai limepata mwenyewe wa kuulizwa likigeuka. Wapo wanaosema polisi ndiyo mamlaka, na gazeti linasubiriwa mtamboni. Lakini Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania, kama ya 50(2)(a) ya Kenya, inamhesabu mtu hana hatia hadi ithibitishwe kuwa anayo, na haimpi kamanda kazi ya kutia hatiani. Na pale askari wake walipofyatua risasi, yeye ni upande mmojawapo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tahadhari hii inawabeba wahalifu na kuwadharau waliotendewa. Ni kweli, ikiwa tutamwaga shaka kila mahali. Mwanamke aliyekatwa mapanga akafa, ameuawa. Hapo hapana "inadaiwa". Kisichothibitishwa ni mkono uliomkata. Ajabu ni kwamba vichwa vya habari vyetu hufanya kinyume: "Amuua mkewe kisa wivu wa mapenzi". Maneno sita yamemtia mtu hatiani, na papo hapo yamempa utetezi. Kisheria, hasira ya ghafla iliyochochewa inaweza kushusha kosa la kuua kwa kukusudia likawa kuua bila kukusudia, hivyo wivu huo, au fumanizi linalotajwa kuuzaa, ni jambo la kutolewa ushahidi, na ambaye angelikanusha yuko kaburini. Kwa maoni yangu, maelezo hayo yasubiri hadi yatolewe mahakamani, kisha yaandikwe kwa jina la aliyeyatoa.

Vivyo hivyo, mtu ni mtuhumiwa akiwa mikononi mwa polisi na mshtakiwa baada ya kusomewa mashtaka. Ngazi hizo hazina maana kama hatufuatilii mwisho wake. Kila dawati la habari liwe na daftari la kesi lilizoziripoti, lenye tarehe ya kutajwa inayofuata. Bila hilo, Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi, hakuna mtu katika chumba cha habari atakayejua kwamba kuna habari ya kuandika.