MAISHA YA MZEE WETU, ASKARI WA MAJINI NA BABA WA NYUMBA

(Hotuba iliyosomwa na katibu siku ya kuwakumbuka wazee wetu waliotutangulia)



Kamati imenipa kazi ya kueleza kwa ufupi maisha ya mzee tunayemkumbuka leo. Jamaa zake wameomba jina lake lisichapwe katika jarida hili, nasi tumekubali. Hapa kambini hakuna asiyemjua. Sisi wakubwa tulimwita Baharia, na watoto wakamwita Babu Meli.

Mzee alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Kenya mwaka 1967, akiwa kijana wa miaka 20. Jeshi lenyewe lilikuwa changa. Kabla yake kulikuwa na Royal East African Navy, yenye makao Mombasa, iliyohudumia nchi zetu za Afrika Mashariki kwa pamoja, hata Uganda isiyopakana na bahari. Hiyo ilivunjwa mwaka 1962. Kenya ikaanzisha jeshi lake tarehe 12 Desemba 1964, na mwaka 1966 zikaingia kazini manowari tatu za doria zilizojengwa Uingereza: Simba, Chui na Ndovu. Mzee alikuwa mtu wa injini. Alizoea kutuambia kwamba watu hudhani baharia hutazama bahari mchana kutwa, kumbe yeye miaka yote aliisikia tu, upande wa pili wa chuma.

Kila mwisho wa mwezi alituma hawala ya posta nyumbani, hakukosa hata mara moja. Lakini fedha haziwezi kumlea mtoto peke yake. Aliporudi likizo, kifungua mimba wake alimkimbia akidhani ni mgeni. Mtoto wa pili aliugua na kuzikwa baba akiwa baharini, na habari ikamfikia baada ya siku tisa. Jambo hilo hakulisema mara nyingi. Alipomaliza miaka 21 ya utumishi, mwaka 1988, alichukua kiinua mgongo chake akaamua kwamba hatafanya tena kazi ya kumlaza mbali na watu wake.

Hivyo ndivyo alivyofika Busia. Hakuwa mzaliwa wa huko. Alinunua mashine ya kusaga mahindi, nayo ikawasomesha watoto sita. Ninyi mliokaa Busia mnaujua mji ule: jina moja, nchi mbili, na lango katikati. Mzee alivuka lango hilo mara kwa mara kwenda Tororo kutafuta vipuri, akarudi jioni kula na watoto. Siku za Jumapili aliwapeleka Sio Port, ziwani, kuwafundisha kuogelea, wavulana na wasichana pamoja. Majirani walinung'unika juu ya wasichana. Yeye alijibu kwamba maji hayaulizi huyu ni mvulana au msichana.

Ndugu zangu, yaliyofuata tunayajua sote. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Mashine ya Mzee iliteketezwa pamoja na nyumba. Yeye na jamaa yake walikimbilia langoni.

Pale langoni alisimama akakataa kuvuka. Alisema aliapa kuilinda Kenya, na askari hakimbii nchi yake. Mama ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Baba, Kenya uliyoapa kuilinda ni hawa watoto. Wakibaki hapa utalinda nini?" Mzee akamwinua mjukuu mdogo begani, wakavuka. Begani kwa upande wa pili alikuwa na mfuko wa nailoni wenye vyeti vya kuzaliwa na vya shule vya watoto wote, na barua yake ya kustaafu. Hakuokoa kitu kingine.

Tulipopelekwa Mulanda, wilayani Tororo, Mzee alinunua daftari. Kila jioni alizunguka hema kwa hema akihesabu watu, kama walivyohesabiwa mabaharia melini. Aliandika mtoto gani yuko na nani, na nani hajaonekana. Wafanyakazi wa mashirika walikuwa na orodha zao, lakini mzazi aliyepotezana na mtoto njiani alianzia kwenye daftari la Mzee. Kwa nafasi hii tunawashukuru tena Msalaba Mwekundu wa Uganda, UNHCR na wenyeji wa Mulanda, waliotupokea tukiwa hatuna hata sufuria.

Baadaye mwaka huohuo wa 2008 tulihamishiwa Kiryandongo, tukapewa viwanja vya kulima. Mzee alikuwa na miaka 61. Alishika jembe kama kijana.

Vijana, baadhi yenu mlimwuliza, "Babu, wewe askari, mbona ulikimbia?" Hakukasirika. Aliwajibu kwamba meli ikizama, kazi ya baharia ni kuhakikisha kila mtu yumo mashuani, kisha naye aingie. Watoto wake wote walimaliza shule kwa vyeti vilivyokuwa katika ule mfuko. Wawili wamerudi Kenya, wanne wako Uganda, na hakuna anayemlaumu mwenzake kwa kurudi wala kwa kubaki. Hilo nalo ni malezi yake.

Kabla sijamaliza, kamati ina maombi mawili. Kwanza, kila nyumba iweke vyeti vyake mahali pamoja, pakavu, na kila mkubwa apajue. Pili, tunawaomba wafanyakazi wa mashirika wamsaidie Mama kupata cheti cha kifo kinachotambuliwa pande zote mbili za mpaka, ili afuatilie haki za mumewe. Mzee aliitumikia nchi miaka 21. Mjane wake asihangaishwe kwa kukosa karatasi moja.

Mama, pole sana. Daftari la Mulanda uliloikabidhi kamati tumelihifadhi, na aliye na jamaa humo aje alisome.

Mungu amlaze Mzee wetu mahali pema.