Kisukari, Mafuta ya Ini na Kazi za Kukaa
(Hotuba kwa wanachama wa Kitui na Makueni)



Leo sitasema juu ya mshahara. Nitasema juu ya mwili unaouchuma mshahara huo, na hasa juu ya ini.

Wazee wetu wa Ukambani walichimba matuta ya fanya-juu na kufuata maji mbali kwa miguu. Hakuna anayetamani tabu ile irudi. Lakini leo wengi wetu kazi yetu ni ya kukaa. Dereva hushika usukani toka Mtito Andei mpaka Sultan Hamud. Fundi cherehani wa Kitui na karani wa Wote hawainuki kitini mpaka jioni, kisha hupanda bodaboda.

Chakula kisichotumiwa na mwili hugeuka mafuta, na mengine hukaa ndani ya ini. Ini la namna hiyo haliitii vema insulini, inayotawala sukari mwilini. Humwaga sukari katika damu hata isipohitajiwa. Zaidi ya nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili wana mafuta haya, na wengi hawajui, maana hayaumi. Miaka ikipita, ini la wengine huota makovu, hata likashindwa kazi au kupata saratani.

Tena tuache fitina. Mtu akiugua ini, watu husema ni mlevi. Ugonjwa huu huwapata hata wasioonja pombe. Tusimwaibishe mwenzetu; ila mwenye nao akinywa, huliongezea ini mzigo.

Basi tufanye nini? Madaktari wamewapima wagonjwa waliofanya mazoezi kwa majuma kadhaa, wakaona mafuta ya ini yamepungua, hata kwa watu ambao uzito wao haukupungua sana. Wengi wetu huanza kutembea, hupanda mizani baada ya mwezi, huona kilo ni zile zile, wakaacha. Ndugu zangu, mizani haioni ndani ya ini. Endeleeni, kwa maana anayeacha hupoteza faida aliyoipata.

Kipimo ni dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa haraka unaokuruhusu kusema lakini si kuimba. Ongeza siku mbili za kutia misuli nguvu, kama kulima au kuinua vitu vizito. Siku mbili zisifuatane bila mazoezi. Kwa jua la Kibwezi na Mutomo, tembea alfajiri au jioni. Atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari amwulize daktari kwanza, achukue kitu kitamu mfukoni, na avae viatu vizuri, kwani kidonda cha mguu kwake ni hatari. Wala asiache dawa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi, baada ya miezi miwili kazini, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Hiyo ni haki ya aliyekwisha ugua. Tudai pia haki ya asiugue. Katika mapatano na waajiri napendekeza mambo matatu: robo saa ya kutembea asubuhi na alasiri, dereva aruhusiwe kusimama njiani anyoshe miguu, na kila mtu apimwe sukari mara moja kwa mwaka.

Pendekezo hili naliweka mbele ya mkutano.