Mtoto Akirudi Kutoka Dodoma na Uloto Mpya

Msikilizaji wa Kibondo na Kasulu, tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Uloto hutolewa na ndugu, mara nyingi kaka au dada wa tumbo moja aliyelingana kwa vipimo. Hata hivyo, kinga inayotokana na uloto huo huweza kumgeuka mtoto na kumshambulia ngozi, utumbo na ini.

Mama, baba, kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wa vipele hauonekani upesi: tazama viganja na nyayo. Angalia pia kuhara kusikokoma, vidonda vya mdomo na macho ya manjano.

Dawa iitwayo saiklosporini ndiyo inayoituliza kinga hiyo ya uloto, na kipimo chake daktari hukipanga kwa kupima damu. Msimwachishe dawa eti kwa sababu anacheza mpira. Mitishamba nayo iacheni. Mingine huvuruga nguvu ya dawa hiyo. Jua kali huchochea vipele, basi avae kofia na nguo ya mikono mirefu.

Akipata homa, msikimbilie dawa ya malaria dukani. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na makaratasi ya Dodoma mkononi.