Upasuaji wa Kupunguza Unene
(Mazungumzo mbele ya wanachama na wanafunzi)



Mwenzangu wa bweni, zamani winga wa kulia asiyekamatika, leo ana kilo 138 na kisukari. Aliponijia aliuliza: "Daktari, kukatwa mafuta ni bei gani?"

Ndugu zangu, upasuaji huu haukati mafuta. Unagusa mfuko wa chakula. Njia zitumikazo sana ni mbili. Katika ya kwanza, robo tatu au zaidi ya mfuko huondolewa, ukabaki mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakirudishwi. Katika ya pili, ambayo Dakta Edward Mason aliianzisha huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, hubakizwa kifuko cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mdogo, na chakula kikaruka njia yake ya kawaida.

Mwenzangu ana kiungulia kikali. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo rahisi zaidi, huweza kukizidisha. Ya pili mara nyingi hukituliza, na sukari hushuka vizuri. Lakini zote zina hatari ya mshono kuvuja na damu kuganda. Tena atameza vitamini na madini ya chuma maisha yake yote. Akipuuza B12, miguu itakufa ganzi. Akirudia soda na chipsi, unene nao utarudi.

Bei sikumtajia. Nimemwambia aje Jumatatu na mkewe, maana ndiye mpishi, na daftari lake la sukari.