Utajuaje Kama Somo Limeingia?
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mwera, wilayani Pangani)

Wageni wa kuwafundisha habari za UKIMWI mmeshawaona. Wanakuja, wanaongea, wanagawa vipeperushi, wanapiga picha, haoo wanaondoka. Sasa nakuuliza wewe: nani hurudi kuangalia kama somo limeingia? Kazi hiyo ndiyo tathmini, na ina ufundi wake.

Mfano mzuri ni mpango wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwaka 1999 katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza. Walimu walifundisha afya ya uzazi darasa la tano hadi la saba, na wahudumu wa zahanati wakapewa mafunzo ya kuwapokea vijana bila kuwafokea. Lakini kabla ya somo la kwanza, watathmini walishafanya kazi kubwa. Walichagua jamii 20, wakazigawa kwa kura: 10 zipate mpango, 10 ziwe za kulinganishia. Mwaka 1998 waliwapima vijana ili wajue wanaanzia wapi. Usipopima mwanzo, mwisho utajisifu kwa lipi?

Halafu kuna kuuliza. Hapo, jamani, ndipo penye kazi! Ukimwuliza binti mbele ya shangazi yake kama ana mpenzi, unategemea akujibu nini? Huko Mwanza hata dodoso la siri halikutosha. Baadhi ya waliosema hawajawahi kufanya ngono, vipimo vilionyesha wana mimba au ugonjwa wa zinaa. Ndiyo maana walipima damu na mkojo pia, na watafiti wengine wakaenda kuishi vijijini, wakala na wenyeji na kusikiliza. Mimi naona kusikiliza ni ufundi mgumu kuliko hesabu.

Matokeo? Maarifa yalipanda, na yalikuwa bado juu walipopima tena mwaka 2007 na 2008. Lakini maambukizo ya VVU na mimba hayakupungua ukilinganisha na zile jamii nyingine. Fikiria uchungu wa kuandika hivyo baada ya kazi ya miaka yote ile! Waliandika, wakachapisha. Ndipo ikaonekana kwamba mwanafunzi anaweza kupata mia kwa mia darasani, lakini jioni umaskini, zawadi na shinikizo la watu wazima vikamshinda.

Nanyi mnaweza kujaribu, hata kwa somo la malaria. Andikeni maswali kumi. Wajibuni Kidato cha 2A na cha 2B, bila majina kwenye karatasi. Fundisheni 2A tu. Baada ya mwezi ulizeni tena wote, na msiishie hapo: ulizeni nani jana alilala ndani ya chandarua. Asahihishe mtu ambaye hakufundisha, maana mwalimu hupenda kujipa alama. Kisha 2B nao wafundishwe, wasije wakadhulumiwa.